Anakaza, Inakaza

Kwetu Kasenga baiskeli huitwa kinga. Mtu aliyekuja na Kiswahili cha kamusi akimsikia mama analalamika kwamba kinga ya mtoto wake imeibwa, huenda akadhani habari ni ya chanjo. Neno hilo ni la ujirani: Wabemba wanasema incinga, na ng'ambo ya Luapula, upande wa Zambia, ndilo neno la kila siku. Nalitaja mapema kwa sababu ninataka kuwasimulia habari ya kinga isiyokwenda popote, iliyosimama ndani ya nyumba mjini Lubumbashi, na jinsi sentensi mbili za mtu wa Kasenga zilivyokaribia kupotea njiani.

Kinga ya Kasenga ni mnyama wa mizigo. Inabeba samaki waliokaushwa, mihogo, unga, magunia ya makala, vitanda, wagonjwa. Haina gia za kubadilisha. Penye mlima mwenyewe anashuka na kusukuma. Penye tambarare anapanda na kukanyaga polepole, kwa uzito wa mwili mzima, mguu mmoja umalize kazi yake ndipo wa pili uanze. Yaya wangu, mtoto wa mama mkubwa, amefanya kazi hiyo tangu akiwa na miaka 16, na sasa ana 26. Amewahi kufika Lubumbashi na mzigo, kama kilomita 200, akilala njiani. (Yaya kwetu ni mkubwa wako wa kuzaliwa, si msichana wa kulea watoto, rafiki zetu wa pwani watatuvumilia.)

Mnamo Septemba 2025 mashindano ya dunia ya baiskeli yalifanyika Kigali, mara ya kwanza katika bara la Afrika, na tangu hapo vijana wengi wa huku walianza kutazama baiskeli kwa jicho jingine. Klabu moja ya mjini ikatangaza nafasi tatu. Atakayechukuliwa angepewa baiskeli ya mashindano, chakula, na posho kidogo kila mwezi. Kwa yaya, mwenye watoto wawili na mgongo ulioanza kumsumbua, posho hiyo haikuwa kidogo. Sharti lilikuwa moja: kupimwa nguvu kwenye baiskeli janja katika sali ya mazoezi, na namba iandikwe.

Msiicheke namba hiyo. Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1985, alipimwa katika maabara huko Uswisi mwaka 2007, wakati ambapo watu wachache tu walimjua. Mwaka 2015, alipokuwa ameshinda Tour de France mara mbili na watu wakimtilia shaka, namba zile za zamani ndizo zilizotolewa hadharani, pamoja na za vipimo vipya, ili kuonyesha kwamba mapafu na miguu yake vilikuwa hivyo tangu mwanzo. Namba ya kwanza aliyoandikiwa mtu inaweza kumfuata miaka mingi. Ikiwa ni mbaya, itamfuata vilevile.

Sasa mashine yenyewe. Ndani ya baiskeli janja kuna gurudumu zito la chuma na kuna sumaku. Sumaku zikisogezwa karibu, au zikitiwa nguvu zaidi kwa umeme, gurudumu linazuiwa bila kuguswa, nawe kwenye kanyagio unahisi kana kwamba umefika kilimani. Anayeamua sumaku zifanye nini ni programu iliyo kwenye tableti. Katika kipimo walichokitumia, mtu anaanza na wati 100, kisha kila dakika zinaongezwa 20, mpaka ashindwe.

Hapo ndipo penye ujanja, nami nitatulia kidogo, kwa kuwa bila hili maneno ya yaya hayataeleweka. Programu ina hali inayoandikwa ERG. Katika hali hiyo mashine imeapa kwamba utatoa wati ulizopangiwa, si zaidi wala pungufu, upende usipende. Lakini wati ni zao la mambo mawili: nguvu ya kuzungusha na kasi ya kuzungusha. Mtu anayekanyaga mizunguko 90 kwa dakika huzipata wati 200 kwa msokoto wa nyutoni-mita 21 hivi. Akishuka mpaka mizunguko 45, wati zilezile 200 zinadai nyutoni-mita 42. Yaani aliyechoka na kupunguza mwendo anaongezewa mzigo maradufu, mzigo unampunguza mwendo tena, anaongezewa tena, na baada ya sekunde chache kanyagio limekuwa ukuta. Mashine haina ubaya wowote. Inatimiza kiapo chake. Ila waliotunga kiapo walimfikiria mtu anayezungusha miguu haraka haraka, kama mshonaji wa cherehani, si mtu aliyejifunza baiskeli akiwa na gunia mgongoni mwake.

Yaya alipanda. Kocha akasimama pembeni, katibu wa klabu akashika tableti, na mimi nikakaa kwenye benchi na begi la yaya pamoja na kinasa sauti changu. Ninaandika memuari juu ya upatanisho wa ngeli katika Kiswahili cha Katanga, kwa hiyo ninanasa kila kitu, kwa ruhusa, hata ugomvi wa bei sokoni. Yaya alikwisha kuzoea.

Dakika ya kwanza ilikwenda vizuri, na ya pili. Katika ya tatu miguu ilianza kusita, na kocha akaanza kupiga kelele: "Kaza! Kaza!" Yaya akajibu, jasho likimtoka: "Inakaza!" Kocha akafurahi: "Njo vile! Kaza!" Nimesikiliza kipande hicho mara nyingi tangu siku ile. Ni kitenzi kimoja, watu wawili, na hawakuzungumza jambo moja hata kidogo. Kocha alikuwa akimwamuru mtu aongeze bidii. Mtu alikuwa akitoa taarifa juu ya mashine. Kocha aliisikia taarifa kama utii.

Katika dakika ya nne kanyagio likasimama. Katibu akaandika 160 kwenye daftari.

Yaya akashuka, akanywa maji, akasema maneno haya, ninayoyanukuu kama yalivyo kwenye kinasa:

"Kama mi napunguza, ye anakaza. Kama mi nakaza, ye anaachilia. Na kuko ingine: inakaza paka vile. Mi sikupunguza, inakaza paka vile, kisha inaacha."

Katibu, ambaye ni mtu mwema na alitaka kusaidia, alimpigia fundi simu. Fundi hasemi Kiswahili. Katibu akamwambia kwa Kifaransa kwamba kijana anaona ni ngumu. Fundi akacheka. Akajibu kwamba kipimo cha nguvu kimewekwa kiwe kigumu, lakini kwa uhakika wachomoe waya wa umeme na kuuchomeka tena, waangalie kama umeme wa jioni haukushuka, waache mtu mwingine akanyage dakika kumi mashine ipate joto, kisha waisawazishe upya kutoka sifuri. Hizo si hatua za kudharau. Mashine nyingi za namna hii umeme ukiwa dhaifu hushindwa kuongoza sumaku zake, na ukiisawazisha ikiwa baridi unaweza kupata namba iliyopotoka. Walizifanya zote. Dakika arobaini zikapita. Kila kitu kilikuwa sawa, na 160 ikabaki daftarini.

Wenzangu wa fakultati, hebu tazameni kilichopotea kati ya kinywa cha yaya na sikio la fundi. Yaya hakusema ni ngumu. Kwanza, katika Kiswahili chetu angesema iko nguvu, nalo ni neno lenye mtego, maana nguvu kwetu ni uwezo wa mtu na pia ugumu wa kazi. Hakulitumia. Alisema mambo mawili tofauti, na sarufi yake ilikuwa imekwisha kuyatenganisha.

La kwanza lina kama. Ni sharti na tokeo: mimi nikifanya hivi, mashine inafanya vile, nikigeuza, inageuza. Wa Zanzibar angetumia -ki-, sisi hutumia kama, kazi ni ileile. Mtu aliyewahi kusoma ukurasa mmoja wa maelezo ya hali ya ERG angeitambua mara moja, kwa kuwa sentensi hiyo ndiyo ERG yenyewe, imeelezwa kutoka upande wa miguu. Jambo la pili halina kama. Lina paka vile, hivyo tu, bila sababu, na yaya akalipigia msumari kwa kukanusha sharti: mi sikupunguza. Kwa hiyo kulikuwa na matatizo mawili, na la pili halikuweza kuelezwa na uchovu, wala na mwendo, wala na ERG.

Kuna jambo jingine, ambalo nalitaja kwa tahadhari, kwa sababu sentensi mbili za mtu mmoja si utafiti na msimamizi wangu atazisoma kurasa hizi. Katika sehemu ya kwanza yaya alisema ye anakaza, ye anaachilia. Katika ya pili alisema inakaza, inaacha. Mashine ni ileile. Anayemjibu akampa kiambishi cha mtu; kinachotenda ovyo akakipa cha kitu. Nilipomwuliza baadaye kwa nini, alinitazama kama ninamwuliza kwa nini anapumua. "Mudogo wangu, ule wa kwanza eko na akili," akasema. "Ingine haina."

Nikamwomba kocha anipe dakika mbili. Nilimsikilizisha sauti, kisha nikamsemea kwa Kifaransa, nikilinda kila kama mahali pake. Sikuongeza elimu yoyote ya baiskeli, maana sina. Nilipomaliza sehemu ya kwanza tu, kocha alishika kichwa: "Ah, ERG!" Alikuwa anaujua mtego huo kwa miguu yake mwenyewe tangu miaka mingi, alisema hata wakimbiaji wazuri hunaswa wakilegeza mwendo. Sehemu ya pili ilimnyamazisha. Akamwambia katibu: kuna kitu kingine kinachoiamuru mashine. Tafuta.

Walikitafuta, na kilikuwa kwenye kaunta. Mteja wa mchana alikuwa ameendesha baiskeli ileile kwa programu ya safari, ile inayokuonyesha barabara na milima kwenye kioo, na simu ya sali aliyoitumia ilikuwa imeachwa hapo, programu iko wazi, Bluetooth bado imeshikana na mashine. Tableti ilikuwa inaagiza wati 140. Simu ilikuwa inaagiza mlima. Na mlima ulikuwa unafika kwa sababu miguu ya yaya ndiyo iliyokuwa ikimsogeza yule mtu wa katuni ndani ya simu, njia panda, njia shuka. Mtoto wa Kasenga alikuwa amepanda vilima vya mtu mwingine bila kuviona. Alipoonyeshwa kioo alicheka mpaka akakaa chini.

Ninajua wengine watasema: ni bahati tu kwamba ulikuwa na kinasa sauti. Sikubali kabisa. Katibu aliyasikia maneno yaleyale kama mimi, naye amekulia Lubumbashi, Kiswahili hiki ni chake kuliko changu mimi niliyelelewa kati ya Kiswahili na Kibemba. Lililomzuia, nadhani, ni mazoea ya zamani zaidi yake. Tuliosoma kitabu cha Johannes Fabian cha mwaka 1986, kile kinachohusu lugha na mamlaka ya kikoloni, tunakumbuka jinsi alivyopitia vitabu vidogo vya kumfundishia Mzungu Kiswahili cha Katanga. Lugha ililetwa kazini, migodini na majumbani, na vitabu hivyo vilimwandaa msomaji kutoa amri: leta, ondoa, beba, haraka. Mtu wa kuamrishwa alitarajiwa kuelewa, na zaidi ya ndiyo bwana hakutarajiwa kuwa na mengi ya kueleza. Fabian alifundisha hapa hapa Lubumbashi, na miaka imepita mingi, na lugha yenyewe imekua ikawa ya mapenzi, ya mahubiri, ya tamthilia na ya matusi mazuri kupita ya Kifaransa. Lakini pale penye mashine, daftari na fundi, bado Kiswahili huteremka kama amri na hupanda kama kelele. "Kaza" ilishuka wazi kabisa. "Kama mi napunguza" ilipopanda, ilifika juu ikiwa "ni ngumu".

Nami sitaki kumpendeza mtu kwa kusema Kiswahili kina hekima ambayo Kifaransa hakina. Kifaransa kina si, kina dès que, kina kila kinachohitajika kuyabeba maneno ya yaya bila kumwaga tone. Hakuna lugha iliyoshindwa siku ile. Mtu alifupisha, basi, kwa kuwa aliyekuwa akisema ni mbeba samaki.

Kipimo cha pili kilifanyika baada ya siku mbili, miguu ikiwa imepumzika. Simu zote zilizimwa, hata yangu. Kocha aliiondoa hali ya ERG na kuweka mkazo usiobadilika, akiupandisha mwenyewe kwa kidole kila dakika, ili anayepunguza mwendo apunguziwe wati, kama inavyokuwa barabarani. Yaya alikanyaga kwa mtindo wake, polepole, mabega yakiyumba kama yuko na gunia. Mizunguko haikuzidi 60. Alisimama kwenye 280.

Katibu aliiandika 280 chini ya 160, hakuifuta ya kwanza. Nilimwomba aifute. Akasema daftari la klabu halifutwi, ila anaweza kuandika maelezo pembeni, na akaandika, kwa Kifaransa: mashine iliongozwa na vifaa viwili. Ni kweli. Lakini ni nusu. Nusu nyingine, ile ya ERG na mwendo wa kanyagio, haimo, na atakayefungua daftari hilo mwakani atadhani tatizo la yaya lilikuwa simu tu. Klabu ilimchukua kwa majaribio ya miezi mitatu. Kinga yake ya Kasenga ameikabidhi kwa mdogo wake, pamoja na wateja, na maagizo marefu juu ya breki.

Sali ya mazoezi iliniomba niandike karatasi ya kubandika ukutani karibu na mashine, kwa Kiswahili, kwa wale wasiosoma Kifaransa vizuri. Kazi ya ukurasa mmoja, nilidhani. Ilinichukua wiki, kwa ajili ya neno moja.

Tableti inasema résistance. Kocha husema rezistansi. Lakini rezistansi huku kwetu ni ule waya uliojisokota ndani ya resho, unaowaka mwekundu na kukatika siku ya wageni. Ukimwambia mtu wa Lubumbashi rezistansi imepanda, ataangalia chungu chake. Na Kasenga, penye mbabula na makala, hata waya huo si wa kila nyumba. Walimu wa sayansi wa Tanzania wana ukinzani, neno zuri, lina nasaba, nami nililiandika kwanza. Nikamsomea mlinzi wa sali. Akauliza kama ni mambo ya siasa. Nadhani alisikia upinzani, na katika nchi hii si vizuri neno hilo libandikwe ukutani karibu na mtu anayetoka jasho.

Mwishowe nikarudi kwa kitenzi ambacho wote wawili walikuwa wakikipigia kelele siku ile, nikaandika mkazo. Ninajua walimu wa fonolojia watatabasamu, kwa kuwa kwetu darasani mkazo hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho na hauna sumaku. Lakini mlinzi alielewa, na mama anayesafisha sali alielewa, na katibu pia.

Karatasi ina mistari mitano. Wa kwanza: zima simu zote zilizowahi kushikana na mashine. Wa pili: angalia umeme. Wa tatu: kanyaga dakika kumi ndipo usawazishe. Wa nne niliuandika hivi: ukipunguza mwendo katika hali ya ERG, mkazo unaongezeka. Wa tano unamwomba msaidizi amwulize mtu, mkazo ulipanda baada ya kufanya nini, na aandike jibu lote kabla ya kupiga simu.

Yaya alipita pale kabla ya mazoezi ya kwanza, akausoma mstari wa nne, akaomba kalamu kaunta. Alikata "mkazo unaongezeka" na kuandika juu yake "anakaza". Kocha ameuacha hivyo.